Mikono Ndani ya Diski

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ambazo natumaini zitakukuta mzima wewe, mkwe wangu na watoto. Huku hatujambo. Goti la mama yako, dada yangu, limepungua uvimbe, ila bado anapanda ngazi kwa kuzigombeza, kila kidato kwa jina la mtu aliyemuudhi. Mimi ni mzima, isipokuwa yale ya umri, ambayo sitakuchosha nayo.

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali watu wa rika lako humaliza mambo kwa simu. Nilipanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa cha misheni kwa miaka thelathini na miwili, na neno lisilo juu ya karatasi mimi hulihesabu kuwa upepo. Hili ninalokuomba linahitaji hatua kwa hatua.

Ni diski ya marehemu mke wangu. Unakumbuka kwamba Mwalimu, kama sote tulivyomwita, alifundisha viziwi, na kwamba kwa miaka kumi na moja aliwarekodi wanafunzi wake, wa zamani na wapya, kila mmoja akionyesha ishara moja mbele ya kamera: mvua, homa, shemeji, wivu, kesho kutwa. Vipande hivyo ni elfu moja mia tatu themanini na sita, na kila kimoja alikipa jina la neno lake. Walimu wa sasa wa shule ile wamejifunza ishara za vitabuni. Ishara za watu wa hapa kwetu haziko popote duniani ila ndani ya kidude hiki kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala.

Sasa shule imemrekodi bibi mmoja, mwanafunzi wao wa kwanza kabisa, akisimulia maisha yake kwa mikono saa mbili nzima. Mkuu wa shule ameniletea filamu hiyo, akitaka niiunganishe na vile vingine, wapate kuanza kufundishia vyote mwezi wa Juni. Diski inaikataa. Inasema faili ni kubwa mno, na papo hapo inanionyesha kwamba zaidi ya nusu yake ni tupu. Nimejaribu mara saba. Nachukizwa na chombo kinachomnyima mgeni kiti huku viti vitupu vimejaa sebuleni.

Wewe ndiye fundi wa mambo haya katika ukoo. Naomba msaada wako, nikitanguliza samahani kwa usumbufu. Hivi Mwalimu hakukupa nakala ya vipande vile, mwaka ule ulipoolewa? Nauliza tu.

Mjomba wako akuombeaye heri.


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinifikia ofisini, na wenzangu wakaniuliza nimeshtakiwa kwa kosa gani, maana huo mwandiko wa bahasha ni wa mahakama kabisa. Sisi hatujambo. Watoto wana mafua, wanapokezana kama zamu. Mama mwambie dawa ya goti ni kukaa, si kutukana ngazi.

Tuje kwenye diski. Haijaharibika. Kila diski ina mfumo wake wa kupanga faili, na wa hiyo nadhani ni ule wa zamani, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti nne hata diski ikiwa tupu kama tumbo la Ijumaa Kuu. Wewe mtu wa chapa utanielewa upesi: kasha la herufi lina vyumba vidogo vidogo, na bango kubwa haliingii chumba chochote, hata kasha lote likiwa wazi. Dawa ni kuubadili mfumo, yaani kubadili vigawanyo vya kasha bila kumwaga herufi hata moja. Inawezekana, Mjomba. Nimefanya mara nyingi.

Ila kwanza nihakikishe. Bofya picha ya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua neno la chini kabisa kwenye orodha, uniandikie herufi utakazozikuta kwenye mstari wa mfumo wa faili. Usifanye lingine lolote. Nitakuandikia hatua zote.

Mpwa wako.


6 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu tena, na watoto nawapa pole ya mafua. Mama yako anasema dawa ya kukaa alikuwa nayo tangu zamani, kilichokosekana ni mtu wa kumpikia akiwa amekaa.

Herufi nilizozikuta ni FAT32, kama ulivyodhani. Nimeziandika mara mbili kwenye daftari.

Hukunijibu kuhusu nakala, wala hukumtaja mkwe wangu. Pengine karatasi ilikwisha.

Mkuu wa shule hunijia kila Jumatano. Huvua viatu mlangoni bila kuombwa, akakaa na soksi zake chumbani mwangu, na harufu hubaki hadi Alhamisi. Wiki hii amenisifia fundi mmoja hapa mtaani wanayemwita Daktari, ambaye anasema kugeuza mfumo wa diski ni kazi ya dakika mbili. Sijampa. Nitangoja neno lako hadi mwisho wa mwezi, maana sipendi kuonekana nashikilia mali ya shule.

Mjomba wako, mwenye subira iliyo na soksi juu yake.


13 Machi

SOMA HII YOTE KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE.

Usimpe huyo mtu. Anayesema dakika mbili anataka kufomati, na kufomati ni kulimwaga kasha zima. Fanya hivi mwenyewe:

Moja, tafuta diski ya pili, unakili humo kila kitu, ufungue vipande kumi vya hapa na pale uone vinacheza. Kabla ya hapo usiendelee.

Mbili, hakikisha betri ya laptopu imejaa na waya wa diski haulegei. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na uandike: convert E: /fs:ntfs. Kama diski yako inaonyesha herufi nyingine badala ya E, weka hiyo.

Tatu, itakuuliza jina la diski. Mwalimu aliiita MIKONO. Andika hivyo hivyo.

Nne, iache. Hata ikichukua saa nzima usichomoe. Ikimaliza, faili zote zitakuwa palepale zilipokuwa, na filamu ya bibi itaingia.

Ukiona neno format popote, funga kila kitu uondoke kwenye kiti. Nakimbilia posta kabla hawajafunga.


22 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mama yako amepata fimbo, na sasa hugombeza vitu vilivyo mbali zaidi. Mvua imenyesha ya kutosha.

Nina habari ya aibu, na nitaiandika jinsi ilivyo. Nilimpelekea yule fundi diski ya Mwalimu.

Banda lake liko nyuma ya kituo cha mafuta, kati ya kinyozi na muuza magodoro. Ni mtu mzima wa miaka arobaini hivi, tumbo limemtangulia. Alikuwa akila kwa mkono uleule wa kazi. Alilamba vidole viwili, kisha gumba, kisha akaipokea diski. Vibonye vya mashine yake vilikuwa na utando, na sikuweza kujua kama vilizaliwa vyeusi au vilifikia hapo taratibu.

Nikamwambia, "Niwie radhi, bwana fundi. Kama haitakuwa usumbufu, ningependa kujua endapo yaliyomo yatasalimika."

"Yasipobaki yataenda wapi, mzee wangu? Umeona hii mashine ina mdomo?"

Kinyozi akacheka hadi mteja wake akapiga yowe, shauri ya wembe.

"Ni mashaka kidogo tu," nikasema.

"Mashaka mpelekee daktari wa watu. Mimi ni wa vyuma. Kaa hapo kwenye godoro, mzee, usizeeke umesimama."

Nikakaa. Ningeweza kuinyakua na kuondoka, lakini tulilelewa kwamba mtu akishaanza kazi yako humshiki mkono. Kazi ilikwisha kabla godoro halijanizoea. Akanirudishia diski ina joto, ina mafuta, na alama ya gumba juu ya kibandiko chenye mwandiko wa mke wangu.

Nyumbani nikaifungua. Folda za Mwalimu hazikuwemo. Zilikuwemo filamu, nyingi sana, zenye majina ambayo kalamu yangu haitayaandika. Nikafungua moja nikidhani labda wanafunzi wamejificha ndani yake. Niliona miili, mpwa wangu, na nyuma ya miili kulikuwa na muziki kama wa tangazo la sabuni. Nilikwenda uani nikatapika.

Nikarudi bandani.

"Umeiona zawadi?" akaniuliza. "Nikasema huyu mzee anaishi peke yake, asije akabaki kuongea na ukuta."

"Na kazi ya mke wangu?"

"Kazi gani?"

"Watu waliokuwa wakionyesha ishara."

"Aaa, wale wa kupunga mikono! Mzee, zile zilikuwa mbovu, hazina sauti. Nilicheki tatu, zote bubu. Nikakusaidia kuzisafisha."

Hapo kinyozi hakucheka. Nilimwambia fundi asante, nikaondoka. Hilo asante limenikaa kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki.

Nifanye nini?

Mjomba wako.


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Watoto wazima. Nimeisoma barua yako nimesimama, na chakula cha mchana nimemwachia mwenzangu. Hazina sauti! Video za viziwi! Natamani ningekuwepo nimmwagie hicho alichokuwa analamba.

Barua yangu ya tarehe 13 Machi haikufika? Kila kitu kilikuwa humo.

Haya, sikiliza. Chomoa diski sasa hivi. Usifute ule uchafu, usihifadhi humo hata herufi moja, usiifungue tena hata kwa kuichungulia. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakufanya kazi idara yetu. Kufomati kwa haraka kunachana orodha tu. Faili zenyewe hubaki zimelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Zile ambazo filamu za Daktari zimezilalia, hizo zimekwenda, sikufichi. Zilizobaki nitazitafuta moja moja.

Ifunge vizuri, itie kwenye kopo la biskuti, uitume kwangu.

Mpwa wako.


11 Mei

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa heshima. Mama yako hajambo. Kopo nimelituma asubuhi hii kwa rejista, na humo nimetia pia filamu ya bibi, kama mkuu wa shule alivyoniletea.

Barua yako ya tarehe 13 Machi ilifika siku tisa baadaye. Niliifungua. Haikuwa na shikamoo, haikuwa na habari ya mtoto wala ya mama yako. Ilianza kwa amri, tena kwa herufi kubwa, kama tangazo la kupiga marufuku. Nilikirihika. Nikajiuliza, tangu lini mtoto wa dada yangu ananipigia kelele kwa kalamu? Sikusoma mstari wa pili. Niliikunja nikaitia katika mtoto wa meza ipoe, kwa kuwa ni desturi yangu barua isiyo na adabu kuilaza wiki kadhaa kabla ya kuijibu, nisije nikajibu kwa hasira.

Nimeisoma leo kwa mara ya kwanza. Hatua ni nne. Nilizifuata kwa kidole, na hakuna hata moja ambayo ningeishindwa.

Mwezi huu wote nimekuwa nikimsimulia kila mtu uchafu wa vidole vya yule fundi. Vidole vyangu vilikuwa safi kabisa, na ndivyo vilivyoikunja barua. Sijui nimwogope nani zaidi katika habari hii. Nisamehe.

Nakuuliza kwa mara ya tatu, na hii naomba isipite: unayo nakala aliyokupa Mwalimu?

Mjomba wako.


20 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama ananiambia huli vizuri. Kula, tafadhali.

Diski niliifuta kwa spiriti mara tatu kabla ya kuishika, na pamba ya tatu bado ilitoka ya manjano. Halafu nikaanza kuchambua. Programu haijui kipi ni cha Mwalimu na kipi ni cha Daktari, kwa hiyo ilinibidi nifungue mwenyewe, kipande baada ya kipande, nimegeuzia skrini ukutani kama mwizi. Nimeona mambo ambayo sikujua binadamu anayataka. Katikati ya uchafu huo anatokea mtoto wa miaka saba mwenye sweta la shule, anaonyesha kitu kwa mikono miwili, anatabasamu, anakwenda zake. Halafu uchafu tena. Ilifika mahali nikawa nanawa mikono kabla ya kula na baada ya kuangalia.

Nimevipata vipande elfu moja mia moja na vinne. Mia mbili themanini na viwili vimekwenda moja kwa moja. Lakini kuna jambo jingine, na ni baya. Majina hayakupona. Majina yalikuwa kwenye ile orodha iliyochanwa. Kilichokuwa "mvua" na kilichokuwa "wivu" sasa ni 0001 na 0002. Tuna watu elfu moja na zaidi wananyoosha mikono, na wewe hujui wanasema nini, wala mimi sijui. Nimevitia kwenye diski mpya, yenye mfumo mpya tangu mwanzo, pamoja na filamu ya bibi. Mimi nimebaki na nakala.

Sasa nakala ile ya zamani. Ndiyo, Mwalimu alinipa, kabla ya harusi yangu. Akaniambia, "Wewe ndiye kabati langu la pili." Miaka sita iliyopita nilikosa nafasi ya kuweka video ya harusi, nikaifomati. Sikumwambia yeye, na wewe ulipouliza nikajifanya sijasoma. Video yenyewe nimeiangalia mara moja. Na mkweo unayeniuliza habari zake hayupo hapa tangu mwaka jana, kwa hiyo nilifuta kazi ya Mwalimu ili nimhifadhi mtu anayekata keki. Daktari angalau alidhani anasafisha. Mimi nilijua.

Utanikasirikia, na ni haki yako. Lakini Mjomba, mezani kwenu nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu alikuwa na mgeni kiziwi, wanazungumza kwa mikono wanacheka, na wewe ukasema, kwa upole kabisa, "Naomba tusifanye hivyo penye chakula, inaondoa hamu." Akaweka mikono chini ya meza. Kama wewe ungejifunza hata nusu ya ishara zile, leo majina tungekuwa nayo.

Mpwa wako.


1 Julai

Mpwa,

Salamu. Diski mpya imefika.

Kuhusu nakala, nimesoma. Kuhusu meza, nimesoma.

Tulipokuwa shule ya misheni, mikono ilitakiwa itulie juu ya dawati, na aliyezungumza kwa mikono alichapwa juu ya mikono hiyohiyo. Sisemi hivyo kwa kujitetea. Nasema kwa kuwa mtu akishafundishwa kuona karaha, huiona hata mahali ambapo hakuna uchafu wowote.

Kwa sasa sina zaidi. Nisingependa kuandika jambo ambalo tungelazimika kulilaza.

Mjomba wako.


9 Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa watoto, na pole kwa yale ya nyumba yako, ambayo ningepaswa kuyasema mwezi wa Julai badala ya kunyamaza kama jiwe. Mama yako anasema yule mkwe hakumpenda tangu siku ya kwanza. Nilimkumbusha kwamba ndiye aliyemwita malaika. Amesema malaika nao huanguka.

Nimepata mtu wa majina. Barabara ya nyuma kuna fundi cherehani, mama wa makamo, kiziwi, aliyesoma kwa Mwalimu tangu darasa la kwanza. Nilikwenda kwake na barua rasmi nikiomba msaada. Aliisoma, akaigeuza, akaandika nyuma kwa chaki ya kuchorea nguo: "Maneno mengi. Jumanne na Ijumaa."

Huja na pini mdomoni, na kila kitu anachokigusa kinabaki na vumbi la chaki, pamoja na vibonye, kikombe na kiti changu. Wiki za kwanza niliteseka. Nacheza kipande, yeye anaandika neno kwenye karatasi, mimi napiga jina kwenye kompyuta. Nikimshukuru kwa sentensi ndefu huandika, "Twende." Tumefika mia saba na kumi na sita. Mkuu wa shule hataki tena kuniharakisha. Hukaa nyuma na soksi zake, akitazama, na Jumanne iliyopita nilimwona akijaribu ishara ya "shemeji" chini ya meza.

Ninaandika kwa sababu ya kipande namba 0713. Si mwanafunzi, ni Mwalimu mwenyewe. Amesimama, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera, na mkono wake mmoja umekatwa na ukingo wa picha. Anakunja pua. Kisha anajifuta vidole kwa kitambaa ambacho hakipo, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kama anayefuta vijiko vya fedha. Anafanya upesi, bila kufikiri, kama mtu anayeomba chumvi.

Fundi cherehani aliona, akageukia dirisha.

Nikaandika: "Tafadhali, hii ni neno gani?"

Akaandika: "Ruka."

Nikaandika: "Naomba sana. Hatujaruka hata moja."

Alitoa pini zote mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake. Kisha akaandika: "Wewe."

"Mimi nini?"

"Jina lako. Ulikuwa unakuja shule kumchukua Mwalimu. Unatusalimia sisi wote kwa mkono, mmoja mmoja, vizuri sana. Halafu unajifuta. Shule nzima tunakuita hivyo."

"Na mke wangu?"

"Mwalimu pia. Angekuitaje?"

Miaka thelathini na minane ya ndoa, mpwa wangu. Kila alipowasimulia kwamba nina homa, kwamba nimepata kazi, kwamba nitachelewa, alianza kwa kukunja pua na kujifuta vidole. Na sikumbuki kuwahi kufanya hivyo. Nimejitafuta siku nne nikakuta kitambaa mfukoni kila siku.

Nimeudhika kiasi cha kushindwa kukaa chumba kimoja na mashine ile. Kwa hiyo nina ombi fupi. Naomba unielekeze, hatua kwa hatua, namna ya kufuta faili moja bila kuzigusa nyingine.

Mjomba wako.


18 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Sisi hatujambo. Mkubwa amepoteza jino na analala na mdomo wazi ili wote tulione. Nafanya kazi, nalala, naamka. Nashukuru kwa pole yako, nimeisoma mara mbili. Mama mwambie malaika yule hajaanguka, amehamia mtaa wa pili.

Hatua ulizoziomba ni hizi. Bofya 0713 mara moja tu, usiifungue. Shikilia kitufe kirefu chenye mshale wa kuelekea juu, na ukiwa umekishikilia bonyeza kitufe cha kufuta. Itakuuliza. Ukikubali, imekwenda, haipitii kwenye pipa la taka. Nyingine zote zitabaki zilivyo. Haizidi nusu dakika.

Nakala iliyoko kwangu nayo ina 0713. Siku utakayoniandikia kwamba yako umeifuta, na mimi nitaifuta yangu, wala sitakuuliza neno. Nilishafuta kazi ya Mwalimu kwa sababu mbaya kuliko yako, kwa hiyo sina mdomo wa kukuhubiria.

Ila ujue kwamba jina lenyewe halikai ndani ya diski, Mjomba. Liko kwa fundi cherehani, na kwa wengine wote waliosoma naye.

Nangoja barua yako.

Mpwa wako.


3 Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu, na jino la mjukuu wangu nalipa pole na hongera. Mama yako amepanda ngazi jana bila kumtaja mtu. Tumeogopa kidogo.

Siku barua yako ilipofika nilifuata hatua zako hadi pale mashine inapouliza. Niliitazama ile picha ndogo. Mwalimu anacheka humo. Nimejaribu kukumbuka kama alicheka hivyo alipoweka mikono chini ya meza, na sikuweza. Nikasema hapana, na mashine ikaniachia.

Ijumaa nikamwandikia fundi cherehani kwamba 0713 itabaki na itapewa jina. Aliandika: "Haifai." Akaongeza: "Mkono umekatwa. Mtoto atajifunza vibaya. Irekodiwe upya."

Nikauliza ni nani atakayeionyesha.

Alinitazama kama nguo iliyokatwa vibaya.

Mkuu wa shule alishika kamera, akiwa na viatu, nashukuru. Nilisimama mbele ya ukuta mweupe, nimevaa koti. Nilikunja pua. Nikajifuta vidole. Fundi akatikisa kichwa, akaandika: "Haraka mno. Wewe hujifuti hivyo." Mara ya pili nilisahau gumba. Mara ya tatu niliona aibu nikatabasamu, akanikemea kwa kidole, kwamba jina langu halitabasamu. Alikuja mwenyewe akanishika mikono, kwa vidole vyake vya chaki, akanionyesha: polepole, kutoka kidole kidogo, kama mtu anayedhani haonekani.

Mara ya nne mkuu wa shule alizima kamera. Kwenye nafasi ya jina la faili nilipiga: Mume wa Mwalimu. Fundi cherehani alisoma begani mwangu, akafuta yote, akaandika: Anayejifuta.

Nimeliacha hivyo. Hiyo ya zamani pia isifutwe, wala kwako, wala kwangu.

Ijumaa ijayo tunaanza mia nane.

Mjomba wako.